Kabla ya kuuliza "kwa nini"

Kila muhula, somo langu la falsafa ya sayansi hapa Nairobi huanza na Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wao Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam: kwa nini maji ya moto hutangulia kuganda?

Hapo nawasimamisha wanafunzi. "Kwa nini" imebeba dai tumboni. Ukimuuliza keateka wa ploti yenu kwa nini maji yamekatika, umeshasema yamekatika. Akifungua bomba yakatiririka, hana la kukujibu. Kwa hiyo "je, ni kweli?" lazima litangulie. Osborne alilielewa hilo, akaagiza maji yapimwe. Fundi wa maabara akaripoti kwamba ya moto yametangulia kweli, ila wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Sentensi hiyo naiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Fundi yule hakuwa anauliza tena. Jibu alikuwa nalo tayari.

Mwanafalsafa wa Ufini, Jaakko Hintikka, aliuona utafiti kama mchezo wa maswali baina yetu na maumbile. Swali kuu huwezi kuyatupia maumbile lilivyo. Unalifikia kupitia maswali madogo yanayojibika, na kila jibu hukuruhusu kuuliza linalofuata.

Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao mwaka 1969. Mwaka 2016 wanasayansi Burridge na Linden walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, wasione ajabu hiyo. Tena wakaonyesha kwamba kipimajoto kikikaa sentimita moja juu au chini, matokeo yanaweza kukupotosha. Lakini je, kufika nyuzi 0 ndiko kuganda? Au ni barafu ya kwanza kuonekana? Au chombo kizima kuwa jiwe? Hayo ni maswali matatu, na mimi naamini ubishi mwingi umetokana na kuyafanya moja.

Muhula huu binti mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono: "Mwalimu, saa tunaisimamisha tukiona nini?" Nikafuta "kwa nini" ubaoni, nikaandika swali lake.