Tepepa: sinema ya kauboi isiyo na steringi safi

Dhana: Sinema za kauboi ni za Wamarekani.
Ukweli: Tepepa (1969) ni ya Waitaliano na Wahispania. Nyika zile kavu zimepigwa picha Hispania, mwongozaji ni Giulio Petroni na muziki ni wa Ennio Morricone.

Dhana: Za Kiitalia ni bastola na mfuko wa dhahabu tu.
Ukweli: Mmoja wa walioandika hadithi hii ni Franco Solinas, yuleyule aliyeandika The Battle of Algiers, filamu ya vita vya ukombozi wa Algeria. Hapa, katika Mapinduzi ya Meksiko, kinachogombewa ni ardhi.

Dhana: Mapinduzi ya Meksiko yaliisha dikteta Porfirio Díaz alipokimbia.
Ukweli: Díaz aliondoka Mei 1911. Francisco Madero, aliyeongoza uasi dhidi yake, akaapishwa kuwa rais Novemba, na mwezi uleule Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima, akatoa Mpango wa Ayala, tamko la kumkana Madero na kudai ardhi, kwa sababu wakulima walikuwa bado wanasubiri mashamba waliyoporwa. Madero aliuawa Februari 1913, vita vikaendelea. Filamu imekita kambi katika machungu hayo ya baada ya ushindi. Tepepa, steringi wake, alimpigania Madero kwa moyo wake wote, na bado anawindwa na Kanali Cascorro, anayeigizwa na Orson Welles. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote ndani yake: watu wameshinda vita, lakini shamba bado ni la bwana.

Dhana: Steringi ni mtu mwema, na steringi hafi.
Ukweli: Mwanzoni tu, daktari Mwingereza aitwaye Price anamwokoa Tepepa asipigwe risasi na askari. Unadhani ni huruma. Kumbe anataka kumuua kwa mkono wake mwenyewe, maana msichana aliyempenda alibakwa na Tepepa, kisha akajiua. Tomas Milian, mzaliwa wa Havana, amemwigiza Tepepa kwa uchangamfu kiasi kwamba unampenda kabla hujalijua kosa lake. Ukishalijua, upendo ule unakuuma. Madai ya ardhi yanabaki kuwa ya haki, na madai ya yule binti nayo ni ya haki, tena mdaiwa wa binti ndiye huyo huyo anayewadai mabwana shamba.

Mwishoni Tepepa analala akiwa na jeraha, na mwenye kushika kisu cha upasuaji ni Price. Zaidi ya hapo sisemi, itazameni.