Saini ya rais wa Marekani si sheria

Wengi tukimwona rais wa Marekani akiinua mbele ya kamera amri aliyotoka kuitia saini, tunasema: basi, imeshakuwa sheria. Sivyo. Sheria hutungwa na Bunge. Amri ya rais ni maagizo kwa watendaji wa serikali, na lazima itokane na Katiba au sheria iliyokwishapitishwa. Aprili 1952, vita vya Korea vikiendelea na mgomo ukinukia, Rais Harry Truman aliamuru serikali itwae viwanda vya chuma. Juni 2 Mahakama ya Juu ikaibatilisha amri hiyo, majaji 6 kwa 3, naye akavirudisha. Ninachohofia ni rais kuambiwa na mahakama kwamba amri yake ni batili akakataa kutii, na Bunge likanyamaza. Mahakama haina jeshi.