Biki inavutaje karatasi ambayo haina chaji?

Kila nikifika kwenye umeme tuli nafanya jaribio lilelile, nachukua biki naisugua kwenye nywele naisogeza kwenye vipande vya karatasi, vinairukia. Wanafunzi wanasema aah mwalimu hiyo tunaijua tangu shule ya msingi. Sawa, nawauliza: biki ina chaji hasi kwa sababu imenyakua elektroni (vichembe vidogo mno vyenye chaji hasi) kwenye nywele, je karatasi nani kaichaji? Hapo ndo darasa linakuwa kimya.

Manake wote wamekariri kwamba chaji zinazofanana zinasukumana na zisizofanana zinavutana. Ni kweli kabisa, ila karatasi chanya na hasi zake ziko sawasawa, kwa hiyo ukienda na ile sheria tu ingetakiwa itulie pale mezani. Naipenda sana hii mada na inaniuma swali hili likirukwa, watu wanapewa fomula wakokotoe basi.

Jibu liko kwenye umbali. Mwanafizikia Mfaransa Coulomb mwaka 1785 alining'iniza ufito kwenye uzi mwembamba sana wa madini ya fedha, ufito una kitufe chenye chaji upande mmoja, akawa anasogeza kitufe kingine chenye chaji na kupima ule uzi umejisokota kiasi gani. Akaona umbali ukiwa mara mbili kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) inabaki robo, ukiwa mara tatu inabaki moja ya tisa. Ukiongeza chaji ya kimoja mara mbili kani nayo inaongezeka mara mbili.

Tuweke namba. Maputo mawili, kila moja lina chaji ya sehemu moja ya milioni kumi ya kulombu, kipimo cha chaji (ni kama elektroni bilioni 600 na zaidi kidogo, usiogope, ni kidogo sana hiyo), yako sentimita 10 kutoka kati mpaka kati, kani inakuja kama niutoni (kipimo cha kani) 0.009, yaani karibu uzito wa gramu moja. Yaachanishe mpaka sentimita 20 inashuka kwenye robo gramu hivi.

Sasa rudi kwenye karatasi. Biki yenye hasi ikikaribia, elektroni za karatasi zinasukumwa, hazitoki kwenye molekuli zao, zinasogea kidogo mno kwenda upande wa mbali, basi upande unaoitazama biki unabaki chanya kidogo na ule wa nyuma unakuwa hasi kidogo, kiasi kilekile. Biki inavuta wa mbele na kusukuma wa nyuma kwa pamoja, ila wa mbele uko karibu zaidi, na kwa vile kani inapungua haraka hivyo na umbali, mvuto unashinda. Tofauti yenyewe ni ndogo lakini inatosha kunyanyua karatasi wakati dunia nzima inaivuta chini! Ndani ya atomu ya hidrojeni, mvuto wa umeme kati ya protoni (yenye chaji chanya) na elektroni unazidi ule wa graviti (mvuto kama huo wa dunia) kwa kama mara 2 ikifuatiwa na sifuri 39. Hatuuoni mitaani kwa sababu kwenye vitu vingi chanya na hasi zinafutana karibu kabisa.

Kosa lingine nakutana nalo kila mtihani, mtu anaandika eti chenye chaji kubwa kinavuta kwa kani kubwa kuliko kile kidogo. Hapana jamani, kani ni ileile pande zote mbili, karatasi nayo inaivuta biki vilevile, ni vile karatasi ni nyepesi ndo maana inaruka yenyewe.

Alafu angalia vizuri, kuna vipande vinagusa biki vinakaa kidogo mara vinaruka kuondoka. Vimepokea elektroni kutoka kwenye biki, navyo vimekuwa hasi, vinasukumwa.

Kama uko Dar au Tanga wakati wa masika jaribio likagoma, biki ni nzima, shida ni unyevu, unaacha utando wa maji juu ya plastiki na chaji zinavuja. Dodoma mwezi wa saba linakubali bila shida. Wewe wa pwani anika biki na karatasi juani kwanza, tafuta nywele zisizo na mafuta, sugua kama mara ishirini na ujaribu hapohapo.