Unataka Kugawa Kiwanja? Anza kwa Jirani

Mapingamizi mengi ya ugawaji wa viwanja yanayoletwa ofisini kwetu, tunaoshughulikia maombi haya, hayatokani na ugawaji wenyewe. Jirani ameamka asubuhi, akamkuta mpima anapigilia vigingi mpakani na hakuna aliyemwambia neno. Siku hiyohiyo anaandika barua. Barua ikishapokelewa, faili linasimama: pande zote zinaandikiwa, afisa anakwenda uwanjani, anaandika taarifa, ndipo maombi yajadiliwe. Hatua hizo hatuziruki hata pingamizi likiwa dhaifu.

Tunaomba jambo hili lieleweke, maana tunalirudia kila wiki: saini ya jirani si kibali. Vilevile, jirani kukataa hakukufungii mlango. Ana haki ya kusikilizwa kuhusu njia, maji ya mvua, maji taka na mpaka. Kutompenda mnunuzi wako si hoja ya mipango miji.

Nenda kwake mapema, ukiwa na mchoro wenye vipimo, kabla mpima hajakamilisha ramani. Mwonyeshe gari litapita wapi, maji ya paa jipya yatamwagikia wapi, shimo la maji taka litakaa umbali gani na ukuta wake. Kisha nyamaza umsikilize. Mwombaji mmoja aliweka mchoro juu ya meza ya jirani yake, mama mtu mzima. Mama akagusa kona moja kwa kidole: "Hapa chini limepita bomba langu." Bomba hilo halikuwa kwenye ramani yoyote. Mstari ulifutwa kwa kifutio, ukasogezwa, yakaisha. Lingegunduliwa baada ya ramani kuidhinishwa, upimaji ungeanza upya, kwa gharama ya mwombaji.

Mkibishana kuhusu mpaka, msiguse jiwe la mpaka. Kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai katika sheria nyingi za upimaji, na kulirudisha mwenyewe hakukuokoi. Anayelirudisha ni mpima aliyesajiliwa. Usiuze kipande kabla ya idhini: mnunuzi atabaki na karatasi isiyo na hati, naye anaweza kukushtaki. Ukijenga kabla ya kibali, utaandikiwa amri ya kusimamisha, na ukikaidi unaweza kubomolewa kwa gharama yako.

Taratibu hutofautiana kati ya mamlaka na mamlaka, kwa hiyo uliza ofisi ya ardhi inayokuhusu. Mlichokubaliana kiandikeni, wekeni tarehe na saini, mkiambatanishe na maombi. Afisa akifika uwanjani, swali lake la kwanza huwa: majirani wana habari?