Kabla ya kurudia ombi la diski

Huku Kadutu, Bukavu, seva nyingi hukaa kwenye betri, lakini diski za nje huchomekwa moja kwa moja ukutani. Umeme ukiyumba, diski huzima na kuwaka tena huku kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikiendelea na kazi. Wanaojifunza nami huuliza: si kerneli irudie tu ombi mpaka diski iitike?

Hurudia. Kwa kawaida kerneli ya Linux huipa diski ya SCSI (diski inayopokea amri kwa itifaki ya SCSI) sekunde 30 kujibu, na ombi laweza kurudiwa hadi mara 5. Ugumu uko kabla ya hapo. Muda ukiisha, kerneli haijui kama amri imekufa au bado imo ndani ya kifaa. Tuseme inaandika bloku (kipande cha diski) ya 800. Kerneli inatuma amri ya pili, inafaulu, kisha programu inaandika data mpya palepale. Ndipo amri ya kwanza inazinduka na kufunika data mpya kwa ya zamani, na hakuna kosa linaloripotiwa popote. Kusoma nako kuna hatari yake: kifaa humwaga data kwenye kumbukumbu kwa DMA, yaani moja kwa moja bila kupitia prosesa, na kurasa zile za kumbukumbu huenda zimeshagawiwa programu nyingine.

Ndiyo maana kwanza amri hufutwa. Ikishindikana, kifaa huanzishwa upya, kisha basi (njia ya data inayounganisha vifaa), mwishowe adapta nzima inayoviunganisha na kompyuta. Mpaka ijulikane kwamba amri ya kwanza haipo tena, bafa yake (sehemu ya kumbukumbu inayoshika data yake) haiachiliwi.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni kashe ya diski, kumbukumbu ya muda iliyo ndani yake. Diski husema "tayari" wakati data bado imo kwenye kashe, na umeme ukikatika data hiyo imepotea. Kurudia ombi lililokwama hakuyaokoi yale yaliyokwisha kuitikiwa. Hata amri ya kumwaga kashe, yaani kuandika yaliyomo humo kwenye diski yenyewe, ikirudiwa, itafaulu kwa sababu kashe ni tupu! Kwa hiyo diski inapotoa taarifa kwamba imewashwa upya, mimi naihesabu kuwa habari ya upotevu wa data.

Watu wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walikutana na jambo la jamii hiyo mwaka 2018: fsync (ombi la kuhakikisha data imefika diskini) ilishindwa, Linux ikaziwekea kurasa alama kuwa ni safi, fsync ya pili ikarudisha mafanikio. Tangu Februari 2019, fsync ikishindwa, PostgreSQL hujizima makusudi na kuijenga upya data kutoka kwenye WAL, kumbukumbu ya mabadiliko inayoandikwa kabla ya data yenyewe.