Kura ya Mkenya aliye ughaibuni na kura ya maoni: yasemwayo na ukweli wake

"Hata nikiwa Kampala nitamchagua gavana wa Kisumu."

Hutamchagua. Mkenya aliyesajiliwa nje ya nchi hupewa karatasi moja tu siku ya uchaguzi mkuu, nayo ni ya rais. Zile tano za gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi hazimfikii. Haki yake nyingine ni kura ya maoni, na hiyo bado haijapata kutumika. Kenya imepiga kura ya maoni mara mbili chini ya katiba zake, tarehe 21 Novemba 2005 na 4 Agosti 2010, ilhali walio nje walianza kupiga kura mwaka 2013, tena katika nchi nne za Afrika Mashariki pekee: Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Afrika Kusini iliongezwa 2017, na 2022 nchi zikafika 12, zikiwemo Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani, Qatar na Falme za Kiarabu. Waliosajiliwa huko mwaka huo walikuwa 10,443, kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22. Katiba yenyewe, kifungu cha 82, inasema haki hii itatimizwa hatua kwa hatua. Hatua hizo, kwa maoni yetu, zimekuwa fupi mno.

"Kura yangu iko Kondele, Kisumu, lakini siku hiyo nitaingia tu ubalozini nipige."

Kosa hili ndilo linalowarudisha watu mlangoni. Katiba inaruhusu jina lako liwe katika kituo kimoja tu. Kama umesajiliwa Kisumu, ubalozini jina lako halipo, na kifaa cha kusoma alama za vidole hakitakutambua hata ukionyesha pasipoti halali. Sharti uhamishe kura mapema, katika muda ambao tume ya uchaguzi, IEBC, imeutangaza. Wanaosajili ni maafisa wa tume, si wafanyakazi wa ubalozi. Ubalozi hutoa jengo. Ukisajiliwa kwa pasipoti, siku ya kura uje na pasipoti hiyo hiyo, na ukisajiliwa kwa kitambulisho, ubebe kitambulisho. Hakuna kupiga kwa posta wala kwa intaneti. Unafika mwenyewe.

Kabla ya kuhamisha, pima hasara yake. Ukipeleka kura Kampala unaachia zile karatasi tano za nyumbani mpaka utakapoirudisha. Kwa anayefanya biashara ng'ambo ya mpaka pale Busia au Malaba, akilala Uganda na kuamkia Kenya, kuacha kura upande wa Kenya ni bora: asubuhi ya uchaguzi anavuka, anapiga zote sita, anarudi dukani. Aliye Doha au Toronto hana njia hiyo. Kwake karatasi moja ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

"Ukichukua uraia wa nchi nyingine umepoteza kura."

Si kweli kwa Mkenya wa kuzaliwa. Tangu Katiba ya 2010, kuchukua uraia wa pili hakumvui uraia wa Kenya. Aliyeupoteza chini ya sheria ya zamani ana haki ya kuurudisha, ila lazima aombe, haurudi wenyewe. Vikwazo vya uraia pacha vinamhusu hasa anayetaka kuwa afisa wa serikali, si mpiga kura.

"Saini milioni moja zikipatikana, twende debeni."

Bado safari ni ndefu. Saini hizo milioni moja, za kuanzisha mswada wa kurekebisha Katiba, ni za wapiga kura waliosajiliwa, kwa hiyo saini ya asiye na kura haihesabiwi. IEBC ikiridhika, mswada unakwenda kwa mabunge ya kaunti, nayo yana miezi mitatu. Ukipita katika mengi ya mabunge hayo, yaani 24 kati ya 47, unaingia Bunge la Taifa na Seneti. Wananchi wanaitwa debeni ikiwa bunge mojawapo kati ya hayo mawili limeukataa, au ikiwa mswada unagusa mambo yaliyotajwa katika kifungu cha 255, kama vile muhula wa rais, Sheria ya Haki, uhuru wa mahakama na muundo wa ugatuzi. Marekebisho mengine huishia bungeni. Mswada wa BBI, mpango wa kurekebisha Katiba uliotokana na maridhiano ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ulipita katika mabunge mengi ya kaunti lakini haukufika debeni: Mahakama ya Juu iliamua tarehe 31 Machi 2022 kwamba rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekewa wananchi.

"Tukisusia, kura ya maoni itaanguka."

Hapa Nyanza wazo hili lina mizizi, na tunaomba lisomwe kwa makini. Ili ipite, kura ya maoni inahitaji mambo mawili: walio wengi kati ya waliopiga waseme Ndiyo, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24. Asilimia hiyo ni ya waliojitokeza, wa Ndiyo na wa Hapana pamoja. Nakuru, yenye wapiga kura zaidi ya milioni moja, inafikisha kiwango kwa watu laki mbili na ushei.

Sasa chukua kaunti nne za Nyanza ambazo kura haikupigwa katika uchaguzi wa marudio wa rais, tarehe 26 Oktoba 2017: Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Zote zikisusia, zinabaki 43, na zinazotakiwa ni 24. Kiwango kinaweza kufikiwa bila nyinyi, na kila Hapana iliyobaki nyumbani imepungua katika hesabu ya nchi nzima.

Aliye ubalozini yuko upande mmoja tu wa hesabu hii. Kura yake inaingia katika jumla ya Ndiyo na Hapana, lakini ubalozi si kaunti, kwa hiyo haisaidii Kisumu kufikisha asilimia 20. Akiiacha kura Kisumu bila kuja kupiga, jina lake linabaki sajilini na kukifanya kiwango cha kaunti kiwe kigumu zaidi kufikia.