Nani kavunja dirisha? Dhima za kisemantiki katika kitenzi “break”

Dhima ya kisemantiki ni nafasi ya mtu au kitu katika tukio linalotajwa na kitenzi: nani katenda, nani kapatwa, kwa kutumia nini. Si sawa na kiima wala shamirisho. Hivyo ni vyeo vya sarufi, na cheo kimoja hukaliwa na dhima mbalimbali.

Chukua kitenzi cha Kiingereza “break”. Wazungumzaji wake husema “The boy broke the window”, “The stone broke the window”, na pia “The window broke”. Kiima ni mvulana, kisha jiwe, kisha dirisha. Lakini mvulana ni mtenda, jiwe ni ala, na dirisha ni kiathiriwa, hata linapokaa mbele ya kitenzi. Mwanaisimu Mmarekani Charles Fillmore alilieleza jambo hili mwaka 1968, akaonyesha kuwa dhima tofauti haziunganishwi hovyo. Ukisema “The boy and the stone broke the window”, Mwingereza atakunja uso, labda adhani mvulana naye alirushwa dirishani.

Kiswahili hakimwachi msomaji abahatishe. “Break” haibadiliki umbo kati ya sentensi hizo, ilhali sisi tunasema mvulana kavunja dirisha, lakini dirisha limevunjika. Kiambishi -ik- kinamwondoa mtenda kabisa. Kwa -w- anarudi, hata asipotajwa: dirisha limevunjwa, basi yupo aliyelivunja. Mtoto aliyeangusha glasi anaijua tofauti hii bila kufundishwa; mama akiuliza, atajibu “imevunjika”.

Si kila kitenzi cha Kiingereza kina ruhusa ya kumfanya kiathiriwa kuwa kiima, kama “The window broke”. “Hit” hakina: “The window hit” haisemwi kwa maana ya dirisha kupigwa. Sababu ni kwamba “hit” hueleza mguso tu, na dirisha lililogongwa huenda likabaki zima. “Break” hueleza hali mpya ya kile kilichoguswa, ndiyo maana kiathiriwa kinaweza kubeba sentensi peke yake.

Maana nazo hubadilisha ruhusa. Kwa sheria, ahadi na rekodi, “break” inamtaka mtenda: “He broke the law” ni sawa, “The law broke” si sawa. Sheria haivunjiki yenyewe kama kikombe. Lazima awepo wa kuivunja. Nasi pia tunasema sheria imevunjwa, na “sheria imevunjika” hugonga sikio vibaya. Kwa upande mwingine, katika “Day broke”, yaani kulipambazuka, na “The news broke”, yaani habari zilitoka, kiima hakielezwi kuwa kimeharibika. Hapo kinachosemwa ni kwamba jambo limejitokeza, na mwanafunzi anayetafsiri kwa “vunjika” ataambulia siku iliyovunjika vipande.